Mbona wengine hubaki Juni? Miili ya ndege wa ufukweni na safari zao

Swali: “Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni kijana wa Mida, Kilifi. Natembeza wageni kwenye lile daraja la mikokoni, na kazi yangu kubwa ni kuwaonyesha ndege. Kila mwaka kuanzia Agosti matope hujaa ndege wa kila aina, na Mei ikiingia wengi wao huwa wameondoka. Lakini Juni na Julai, kusi likivuma, bado naona makundi. Wamepauka, hawana ile rangi nyekundu ya Aprili. Wazee hapa husema hao ni wagonjwa au wavivu walioogopa safari. Mgeni mmoja naye aliniambia ndege wakubwa ndio huenda mbali kwa kuwa wana nguvu, wadogo hubaki karibu. Halafu mwisho wa Aprili niliokota kitwitwi mmoja chini ya waya wa umeme, mnono hadi nikashangaa, akafa jioni ile ile. Je, ni mwili wa ndege unaoamua aende wapi na lini? Na hawa wanaobaki niwasaidie vipi, niwatupie chakula?”

Marahaba, kijana wangu. Swali lako limenifurahisha kwa sababu umetazama kwanza ndipo ukauliza. Umeona rangi, umeona mwezi, umeona unene, na hayo matatu ndiyo hasa tunayoyaangalia sisi tunaopima ndege hawa.

Nikikuelewa vizuri, linalokukera ni kwamba huenda wanaobaki wana shida na wewe unapita karibu nao kila siku bila kuwafanyia lolote. Nikutoe wasiwasi mapema: wengi wa hao unaowaona Juni ni wazima. Ni vijana waliozaliwa mwaka uliopita, na miili yao haijawa tayari kwa safari ya kaskazini. Kubaki kwao ni sehemu ya maisha yao. Na huyo uliyemwokota hakufa kwa sababu ya unene. Mwili ndio wenye kauli kubwa katika safari hizi, ila kauli hiyo haitoki kwenye ukubwa kama alivyodhani mgeni wako.

Tuanze na maneno yake, maana nimeyasikia mara nyingi hata kwa watu waliosoma. Kitwitwi mdogo kuliko wote hapo kwenu, Calidris minuta, ana gramu ishirini na kitu tu. Huyu hutaga kwenye nyanda baridi za Aktiki, kuanzia kaskazini mwa Norwe hadi Siberia. Mwenzake mwenye mdomo uliopinda kidogo kuelekea chini, Calidris ferruginea, ana gramu 55 hadi 60 akiwa hajajaza mafuta ya safari, na kwao ni kaskazini kabisa mwa Siberia, hasa rasi ya Taimyr. Kutoka Mida hadi Taimyr kwa mstari ulionyooka ni zaidi ya kilomita 9,000.

Sasa mtazame mla kaa, Dromas ardeola, yule mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene. Ana gramu 300 hivi, kama mara tano ya ferruginea na zaidi ya mara kumi ya minuta. Yeye huzaliana Somalia, visiwa vya Bahari ya Shamu, Oman na Ghuba ya Uajemi. Akitoka Mida hadi visiwa vya pwani ya Oman amekwenda kama kilomita 3,000, basi. Mkubwa ameishia Oman, mdogo amefika Siberia. Maneno ya mgeni yamegeuka juu chini, na ushahidi uko hapo hapo chini ya daraja lako.

Kwa nini iwe hivyo? Jibu linaanzia mdomoni. Mdomo huamua ndege aweze kula nini, na chakula huamua aishi wapi na mwezi gani. Mdomo wa mla kaa ni mzito, umeumbwa kwa kukamata na kuponda kaa. Siberia hakuna kaa wa kumtosha. Uarabuni na Ghuba wapo, na kwa hiyo huzaliana huko huko katika miezi ya joto kali, akichimba shimo refu mchangani na kutaga yai moja tu, jeupe, ndani ya shimo hilo ambamo joto halimfikii. Hakuna ndege mwingine wa ufukweni anayefanya hivyo. Na kwa kuwa kumshika kaa na kumvunja miguu ni ufundi unaochukua muda kujifunza, mtoto hulishwa na wazazi hata baada ya kusafiri nao mpaka kwetu. Mtafute Oktoba au Novemba: ana mgongo wa kijivu badala ya mweusi, anamfuata mzazi matopeni hatua kwa hatua huku akilia mlio wa kuomba, na mzazi akipata kaa humpa. Waonyeshe wageni wako jambo hilo. Ni nadra sana kwa jamii hii ya ndege.

Kitwitwi wa Siberia ana mdomo mwembamba wenye ncha iliyojaa neva za kugusa. Hapa Mida anachokoa tope, anapata minyoo na viumbe wadogo bila hata kuwaona. Huko Taimyr anakuta wadudu na mabuu yao, na kwa wiki chache za Juni na Julai ni wengi kupindukia, jua halizami, na maadui ni wachache kuliko kusini. Theluji ikirudi, ardhi inaganda, mdomo hauingii tena. Watu hudhani ndege hukimbia baridi. Baridi wanaivumilia vizuri kwa manyoya yao. Wanachokimbia ni ardhi iliyofungwa, na mwenye mdomo wa kuchokoa ndiye anayefungiwa chakula mapema.

Hata ndani ya aina moja mdomo hugawa watu. Sululu mkubwa, Numenius arquata, jike ana mdomo mrefu kuliko dume, unaweza kufika sentimita 15. Kule Ulaya wakati wa baridi madume hupendelea mashamba ya nyasi, majike matope ya pwani ambako mdomo mrefu unafikia minyoo iliyojichimbia chini sana. Mashamba yakiganda, dume ndiye analazimika kuhama. Upande wa pili wa dunia yupo kitwitwi anayetaga Alaska, Calidris mauri, anayekaa majira ya baridi kuanzia Marekani hadi Peru. Majike, wenye midomo mirefu, huenda kusini zaidi kuliko madume kwa wastani. Ni ndege wa familia moja, waliotoka kiota kimoja, lakini milimita chache za mdomo zinawapeleka nchi tofauti.

Baada ya mdomo kuna bawa. Wasafiri wa mbali wana mabawa marefu, membamba na yaliyochongoka, ambayo hukata hewa kwa gharama ndogo. Bawa fupi la duara humsaidia ndege kugeuka haraka na kuruka ghafla, lakini kwenye safari ya siku kadhaa linamchosha. Kwa vitwitwi kadhaa waliopimwa, vijana wana mabawa mafupi na ya duara kidogo kuliko watu wazima. Hilo liweke akilini, tutalirudia.

Kisha kuna mafuta, na hapa ndipo kitwitwi wako wa Aprili anapoingia. Gramu moja ya mafuta hutoa kilojuli 39 hivi. Nyama ya mwili, kwa kuwa imejaa maji, hutoa karibu sehemu moja ya nane tu ya hiyo kwa uzito ule ule. Tena mafuta yakichomwa mwilini huzalisha maji, takriban gramu moja ya maji kwa kila gramu ya mafuta, ndiyo maana ndege anaweza kuvuka jangwa au bahari bila kunywa. Kwa hiyo kuanzia Machi, watu wazima hapo Mida hula kwa pupa, usiku na mchana kila maji yanapokupwa. Minuta wa gramu ishirini na kitu huweza kupita gramu 30.

Ukimkamata kwa wavu usiku wa mwezi huo ili kumpima na kumvisha pete (kazi hii hufanywa na wenye kibali tu), unampuliza taratibu manyoya ya chini ya koo. Pale juu ya kidari pana kishimo kidogo kati ya mifupa miwili. Ngozi ni nyembamba, unaona ndani. Desemba kishimo kile kinakuwa kitupu na chekundu, nyama tupu. Mwisho wa Aprili kimejaa mafuta ya manjano mpaka yamefura juu ya ukingo, na ukishuka na taa hadi tumboni, tumbo lote limefunikwa. Vidole vinahisi mwili laini na wenye joto ambao hauna mfupa wa kushika. Mtu asiyejua angesema ndege huyu anaumwa. Kumbe huyo ndiye mzima kuliko wote, yuko tayari.

Lakini mafuta yana bei yake. Ni kama lori linalobeba mapipa yake ya dizeli ya akiba: kila pipa unaloongeza linalifanya lori linywe zaidi, mpaka unafika mahali ambapo pipa jipya halikusaidii tena. Hapa ukubwa wa mwili unaanza kuwa na maana kweli. Nguvu inayohitajika kurusha mwili hupanda haraka kuliko uwezo wa misuli kadiri ndege anavyokuwa mkubwa. Mdogo anaweza kujipakia nusu ya uzito wake na bado akaruka, na hujaza haraka. Mkubwa hujaza polepole zaidi kwa kulinganisha na uzito wake, ingawa akisharuka huenda kwa kasi zaidi na hupoteza joto kidogo. Kila mmoja ana hesabu yake. Hakuna mwili ulio bora kwa kila safari.

Baadhi yao hutafuta nafasi ya mafuta kwa namna ya ajabu, na nakwambia hili bila kutia chumvi. Kuna ndege mwenye mdomo mrefu uliopinda juu kidogo, Limosa lapponica, ambaye wachache wao huja pia pwani yetu. Wale wanaotaga Alaska huruka moja kwa moja kuvuka Pasifiki. Mwaka 1987 kundi lao liligonga jengo la rada huko Alaska siku za kuanza safari, na miili yao ikachunguzwa. Zaidi ya nusu ya uzito wao ilikuwa mafuta, huku firigisi, ini, figo na utumbo vikiwa vimenywea kuwa vidogo kupita kiasi. Mwili ulikuwa umepunguza vyombo vya kusaga chakula kwa kuwa angani hakuna kula. Wakifika, huvikuza upya. Mwaka 2022 mmoja wao aliyevishwa kifaa cha setilaiti, mtoto wa miezi mitano hivi, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita 13,560 kwa siku 11, bila kutua.

Basi huyo kitwitwi wako. Mnono, mwisho wa Aprili, chini ya waya: kwa maelezo yako, yaelekea aligonga waya. Wanaondoka zaidi jioni, wakipaa kwa kundi huku wakiitana, wakati upepo umeshaanza kugeuka kusi na kuwasukuma kaskazini. Ndege aliyejaza mafuta hupaa polepole na hukata kona kwa shida, kwa hiyo waya, dirisha na kozi humpata kirahisi kuliko Desemba. Unene wake ulikuwa tiketi ya safari, bahati mbaya ilimkuta mlangoni. Hungeweza kumwokoa, usijilaumu.

Umeuliza pia “lini”. Pwani yetu, karibu na ikweta, urefu wa mchana haubadiliki hata nusu saa kati ya Juni na Desemba, kwa hiyo ndege hawezi kutegemea jua peke yake kujua Aprili imefika. Anabeba saa ya mwaka mwilini. Vitwitwi wa aina ya Calidris canutus waliofugwa Uholanzi katika mwanga na joto lisilobadilika waliendelea kunenepa na kubadili manyoya kwa mzunguko wa karibu mwaka, ingawa hawakuona majira. Saa hiyo hufuata pia kazi ya kila mmoja. Kwa ferruginea, dume hakai kuatamia. Akishampanda jike, amemaliza, na mwanzoni mwa Julai yuko tayari njiani kurudi kusini. Jike hufuata vifaranga wakishakua kidogo. Watoto huja mwisho, peke yao, bila mtu mzima wa kuwaongoza. Ndiyo maana Agosti unaona wenye mabaki ya wekundu kifuani, na Septemba na Oktoba wanaongezeka wale wenye manyoya mapya ya mgongo yaliyopangika vizuri kama magamba, yenye pindo jepesi. Hao ni watoto.

Sasa tufike kwa wanaobaki, ndilo swali lako lenyewe.

Mtu mzima anapofika kwetu hubadili manyoya yake ya kurukia, moja moja kuanzia ndani kwenda nje, kazi ya miezi kadhaa, na kufikia Machi ana bawa jipya. Mtoto wa mwaka jana kwa kawaida habadili. Anabaki na manyoya yale yale aliyoota Siberia akiwa kifaranga. Alipokuja kusini yalikuwa mapya, ndiyo maana mtoto wa miezi mitano aliweza kuvuka Pasifiki. Lakini Mei inapofika yameshakaa miezi tisa au kumi kwenye jua kali, chumvi na mchanga. Ncha zimechakaa, rangi imepauka kuwa kahawia. Kumbuka pia lile bawa fupi la duara. Ongeza na kwamba bado hajawa fundi wa kula, kwa hiyo kujaza mafuta kunamchukua muda mrefu kuliko mkubwa wake. Akilazimisha safari atafika Taimyr amechelewa, amekonda, na eneo zuri limeshachukuliwa na wenye uzoefu. Wengine wanaongeza kwamba minyoo ya tumboni, ambayo vijana huipata wanapoanza kula chakula cha pwani, nayo huwapunguzia nguvu. Naliona ni jambo linalochangia, ila kwa maoni yangu manyoya na uzoefu vina uzito zaidi.

Wanabaki, basi. Hawavai wekundu, kwa sababu wekundu ni nguo ya kuzaliana. Wanakaa na kijivu chao kilichofifia, wanakula, na baadaye wanaanza kubadili manyoya ya mabawa mapema kuliko watu wazima, ambao wakati huo bado wako Siberia. Mwaka unaofuata wanaondoka na wenzao. Wanapoteza msimu mmoja wa kuzaa na kupata uhai.

Na hapa ukubwa unarudi kwa mlango ambao mgeni wako hakuutazamia: wakubwa ndio hukaa zaidi. Sululu hubaki kusini miaka miwili au zaidi kabla ya kuzaliana mara ya kwanza. Wapo sululu wenye pete waliopatikana wakiwa wamepita miaka 30, na kwa maisha marefu hivyo hakuna haja ya kuharakisha. Mla kaa mchanga naye hubaki. Minuta, mwenye maisha mafupi na mwili unaojaza mafuta haraka, wengi wao huondoka tangu mwaka wa kwanza. Umbali nao una nafasi yake: kwa Calidris mauri, vijana waliokaa Panama hubaki mwaka wa kwanza, ilhali wale waliokaa karibu na nyumbani, kaskazini mwa Meksiko, huenda. Mwili ule ule, safari fupi, uamuzi mwingine.

Sisemi hakuna mgonjwa hata mmoja kati yao. Wapo wachache, na nitakwambia namna ya kuwatambua. Lakini wazee wakisema kundi lote ni wavivu, waeleze kwa heshima kwamba hao ni watoto wanaosubiri manyoya.

Kuna jambo moja linaloniuma, nalo linahusu Taimyr hiyo hiyo. Canutus wanaozaliwa huko na kwenda Afrika Magharibi, kwenye matope ya Banc d'Arguin nchini Mauritania, wamefuatiliwa kwa zaidi ya miaka 30, na matokeo yalitolewa mwaka 2016. Theluji ya Taimyr huyeyuka mapema zaidi kuliko zamani, wadudu hufikia kilele kabla vifaranga hawajahitaji kula sana, na katika miaka hiyo ya joto watoto hukua wadogo na wenye midomo mifupi. Wakifika Mauritania, kombe wanaowategemea wamejichimbia chini, mdomo mfupi hauwafikii. Wanageukia mizizi ya nyasi za bahari, na wengi zaidi hufa. Theluji ya Siberia inamuua ndege kwenye joto la Afrika kwa kumpunguzia mdomo sentimita isiyotimia. Ferruginea wako wanatoka nyanda hizo hizo. Kwa hiyo usidhani kutazama kwako Mida ni jambo dogo.

Sasa msaada. Usiwatupie chakula. Mkate, wali na mabaki ya samaki si chakula chao, hawatavigusa, na utawaita kunguru wa Bara Hindi ambao tayari ni balaa kwa ndege wote wa pwani. Wanachohitaji wanakipata matopeni wenyewe. Wanachokosa ni utulivu, hasa maji yanapojaa wakati wa bamvua, ambapo wote husongamana kwenye kipande kidogo cha mchanga kusubiri kupwa. Wakirushwa kila mara, wanachoma mafuta waliyoyahangaikia. Kaa nao mbali, zuia mbwa, na waambie manahodha wa mashua wenzako wapite upande wa pili. Alama ni hii: wakiacha kula au kulala na wote wakainua vichwa kwa pamoja, umekaribia mno, rudi nyuma taratibu. Juni watu hudhani ndege wameisha na hawajihadhari, kwa hiyo usiache kuwalinda. Machi na Aprili ndiyo miezi ya kuwa mkali. Kama ni lazima uchague wakati mmoja wa kuomba watu wa kijiji wasichimbe chambo kwenye eneo moja la matope, chagua miezi hiyo miwili. Najua chambo ni riziki, wala siwaombi waache mwaka mzima.

Mgonjwa utamjua hivi. Anakaa peke yake kundi likila. Mabawa yamelegea, manyoya yamevimba, macho yanafumba mchana. Ukimsogelea hasogei au anatembea akiyumba. Kusimama kwa mguu mmoja si ugonjwa, hivyo ndivyo wanavyopumzika. Kupauka nako si ugonjwa.

Ukimkuta amenaswa na uzi wa kuvulia au ameumia, usimfukuze huku na huku ukijaribu kumkamata, na usimshike kwa muda mrefu wala kumfunga miguu. Ndege wenye miguu mirefu wakishikwa vibaya misuli yao huharibika kwa hofu na kuhangaika, miguu ikakaza, na hata ukimwachia hasimami tena. Mfunike kitambaa chepesi, mweke kwenye boksi lenye matundu, penye giza na kimya, miguu ikiwa imekunjwa chini yake kwa namna anayotaka mwenyewe. Usimmiminie maji mdomoni. Uzi uliokwisha kukata nyama usiuvute. Mpeleke siku hiyo hiyo kwa maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, maana hori ya Mida imo ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu, au kwa daktari wa mifugo aliye karibu. Huo si ugonjwa wa kutibiwa kwa simu wala kwa barua kama hii.

Na ukikuta wengi wamekufa kwa pamoja, au wanazungusha vichwa na kuanguka, usimguse hata mmoja, usipeleke nyumbani, na zuia watoto na kuku. Huenda ni homa ya mafua ya ndege, na inaweza kumpata mtu. Toa taarifa kwa KWS na ofisi ya mifugo ya kaunti saa hiyo hiyo, waje wenyewe na vifaa vyao.

Mwisho, pete. Ukiona ndege mwenye pete za rangi au kibendera mguuni, usijaribu kumkamata. Andika aina yake, tarehe, mahali, mguu wa kulia au wa kushoto, rangi kuanzia juu kwenda chini, na herufi kama zinasomeka kwa darubini, pamoja na picha ukiweza. Taarifa hizo hupokelewa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi, kitengo cha ndege. Hapo kwenu Watamu kuna A Rocha Kenya, ambao wamekuwa wakivisha pete ndege wa Mida. Nenda uwaombe uambatane nao usiku mmoja wa wavu, ushike taa tu na kutazama bawa likifunguliwa. Peleka pia hesabu zako za Juni na Julai, hata kama ni za daftari la shule. Watu wengi huhesabu Januari. Wanaohesabu Juni ni wachache sana, na wewe upo hapo kila siku.